Zilikuwa Pini Nne, Si Nane

Kwa kuwa yule jamaa ameshawatangazia kwenye grupu kwamba nimeitahiri kompyuta, acheni na mimi niseme yangu kabla hajaongeza chumvi nyingine. Pini nilizong'oa zilikuwa nne. Si nane. Na sikushika nyundo, nyundo kaiongeza yeye kwenye hadithi. Koleo, sawa, koleo lilikuwepo.

Mnajua nimepata kadi mpya ya grafiki, ile ya kutoa picha ya kompyuta, maana niliwasumbua nayo wiki nzima. Skrini ni ileile kuukuu, ya waya wa VGA, waya wa picha wa kizamani, ule wenye kichwa cha buluu na pini 15. Kadi nayo ni ya kisasa: ina matundu ya picha ya HDMI na DisplayPort, halafu ina tundu moja pana la DVI. VGA haina. Nikapekua droo nikaibuka na adapta, kile kichwa cha kuunganisha waya na tundu lisilofanana nao, upande mmoja DVI, upande wa pili VGA. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyeokota almasi.

Ikagoma kuingia. Nikaigeuza, ikagoma. Nikaipuliza (msijifanye, wote mnapuliza). Nikang'ata simu mdomoni, tochi ikiwaka, nikachungulia. Kwenye adapta kuna ubapa mmoja wa chuma, na kuuzunguka kuna pini nne, mbili juu, mbili chini. Kwenye kadi, mwanya wa ubapa upo, matundu manne hayapo. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini. Mimi nikahitimisha kwamba kiwandani walisahau kuyatoboa.

Jamaa alikuwa hewani kwa video muda wote huo, simu nimeshaiegemeza kwenye kikombe. Akaniona nanyanyuka, akaniona narudi na koleo.

"Kaka, subiri kwanza. Hizo pini zina kazi."

Nikamjibu, na naomba radhi kwa taifa zima: "Kazi yake ni kuzuia."

Ndiyo, hiyo stika mnayotumiana tangu jana, ndipo ilipotoka.

Ya kwanza nikaibana, nikaipinda kushoto, kulia, kushoto. Tik. Ikarukia chini ya kitanda. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu niliing'oa huku napiga mluzi, na mluzi huo ndio unaoniuma kuliko vyote. Ya nne ilikuwa kaidi, ikabidi niibane adapta kati ya magoti, jasho linanitiririka, ulimi nje. Tik. Jamaa kimya. Nilidhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa anarekodi.

Halafu ikaingia! Jamani, iliingia laini kama kisu kwenye parachichi. Nikakaza skrubu zote mbili kwa madaha. Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, nikaiangalia kamera nikapandisha nyusi mara mbili.

Skrini ikaleta kile kisanduku chake kwamba haipokei chochote. Mnakijua? Kile kinachotangatanga gizani, kinagonga pembe hii, kinaenda pembe ile. Nikakifuata kwa macho. Kushoto. Kulia. Nikasema labda inajipanga. Kisha hata yenyewe ikachoka, ikalala. Pale kwenye kioo cheusi nikabaki naiona sura yangu na koleo.

Ndipo jamaa akaanza somo, taratibu, kwa sauti ya kuongea na mgonjwa. Katika zile pini nne, moja hupitisha rangi nyekundu, moja kijani, moja buluu, na ya nne huiambia skrini kila mstari wa picha unaanzia wapi. Yaani nimezing'oa rangi zote kwa mkono wangu. Na kibaya zaidi, matundu hayakuwepo kwa sababu DVI ya kadi ile ni DVI-D, ya dijitali tupu, haitoi analogi, ile mawimbi ya kizamani inayosomwa na VGA, hata chembe. Kwa hiyo hata nisingegusa pini, adapta ile isingeleta kitu. Ilihitajika ile yenye chipu ndani, inayobadilisha dijitali kuwa analogi. Nimeua asiyehusika.

"Sasa hebu geuza skrini," akasema.

Nikageuza. Pembeni ya VGA, chini ya vumbi la miaka, kulikuwa na tundu jingine pana. DVI.

"Waya wake uliupeleka wapi?"

Sikujibu. Sikuhitaji, kwa sababu alikuwa anauona nyuma yangu, umefunga mlango wa kabati la nguo usiofungika, na fundo nililifunga mwenyewe.

Nikaufungua, nikachomeka huku na huku, picha ikaja. Basi. Hakuna cha zaidi, kompyuta ni nzima, mnaoniuliza kama nauza vipuri mkome.

Kabati sasa liko wazi. Pini tatu nimeziokota. Ya nne nimeikanyaga leo asubuhi, pekupeku. Hiyo jamaa hajui, msimwambie.