Ningu wanafia mlangoni

Jumamosi iliyopita nilisimamisha pikipiki karibu na daraja la Simiyu, barabara ya Musoma, kwa sababu ya kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka: mafungu ya ningu, samaki wa Ziwa Victoria, juu ya gunia, kando ya lami. Mvua kubwa ilikuwa imepiga huko juu, mto umejaa maji ya udongo. Nilifurahi kama mtoto.

"Shikamoo mayu. Fungu shilingi ngapi?"

Elfu tano. Nikamwinua mmoja nimpime kwa mkono, na nilipomshika tumbo mayai yakamtoka yenyewe, yakanichuruzika viganjani. Nikashika wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu naye. Mama akaniambia wamevuliwa alfajiri, pale mto unapoingia ziwani. Furaha ikaniisha palepale.

Mwanza nzima ukiuliza ningu wamekwenda wapi, jibu ni moja: sangara. Sangara ametumalizia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, hilo silibishi. Lakini kwa ningu hesabu inakataa. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 na akatapakaa miaka ya 1980. Wataalamu wa samaki walikuwa wanaandika juu ya kupungua kwa ningu tangu miaka ya 1960, na walinyooshea kidole nyavu zinazotegwa kwenye midomo ya mito. Nyavu za nailoni zilikuwa zimeshaingia wakati huo.

Mwangalie samaki mwenyewe anavyoishi. Kwa miezi anakaa ziwani, mdomo wake uko chini, analamba tope. Mvua zikikolea na mto ukaanza kumwaga maji mapya, anapanda. Anautafuta mto uliofurika, aingie kwenye majani yaliyofunikwa na maji, atage, kisha arudi. Sato ukimkosa ghuba hii yuko ghuba ile, anataga humo humo ziwani. Ningu ana mlango, na mlango ule unajulikana na kila mvuvi. Ukiuziba siku ambazo maji yamejaa, huna haja ya kuhangaika na ziwa zima. Anakuja mwenyewe, amebeba kizazi chote tumboni, na anakufa hajakifikisha. Ndiyo maana nasema hata nyavu chache zinatosha kummaliza, zikitegwa pale na wakati ule.

Babu yangu naye aliwavua wakiwa wanapanda, siwezi kudanganya. Alikuwa na migono, mitego ya fito, anaifunga kwenye majani ya ukingoni. Asubuhi tunakwenda naye na kikapu, tunakula, majirani wanapata, wanaobaki bibi anawabanika. Lakini katikati ya mto palikuwa wazi, maana hakuna fito za kuuhimili mkondo ule, na maji yakizidi yanapita juu ya migono pamoja na ningu wake. Leo wavu wa timba unakatiza ukingo hadi ukingo. Maboya yake ni vipande vya kandambili, chini umefungwa mawe. Mto ukipanda, maboya yanapanda nao.

Yako na mengine. Matipa yanachota mchanga mtoni kila siku. Majaruba na bustani zimeshuka hadi majini, wakati sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa maji. Wanaotia sumu kwenye madimbwi ya kiangazi, hao sitaki hata kuwazungumzia.

Nilimuuliza yule mama kama anajua wale samaki walikuwa wanakwenda kutaga. Akanitazama sana. "Najua, mwanangu. Mzee wangu akiutoa wavu wake, kesho mtu mwingine atatega wa kwake." Sikuwa na jibu, kwa sababu amesema kweli. Ana ada za watoto kama mimi, na siwezi kumtaka awe mwema peke yake huku jirani anavua.

Kwa hiyo naomba tukubaliane wote kwa pamoja: kuanzia mvua kubwa ya kwanza mpaka maji yapungue, wavu wowote usikatize mdomo wa mto. Simiyu, Magogo, na vijito vyote vinavyoingia Ghuba ya Speke na Ghuba ya Mwanza. Ni wiki chache tu, na ziwa linabaki wazi kwa wavuvi. BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za ziwa, ziko kwenye mialo, wajumbe wake wanaujua kila wavu na mwenye nao. Doria ya kukimbizana na mitumbwi katikati ya maji inakula mafuta mengi. Mdomo wa mto unalindwa na watu wawili waliokaa chini ya mti.

Nilinunua fungu moja. Jioni mke wangu alipowapasua, mayai ya ningu watano yalijaa bakuli la uji. Masika ndiyo kwanza yameanza, mto utajaa tena mara kadhaa kabla ya Juni. BMU za wilaya ya Magu zinaweza kukaa kikao hata wiki hii.