Sikukimbia, Nilikuwa Nimefungwa

Haya. Mliokwisha kuisikiliza ile voisi ya shemeji, mkacheka, mkaitupa mpaka kwenye grupu la kwaya, sasa njooni mpate ya mwenyewe. Shemeji ni msimuliaji, hilo simnyimi. Ila anatia chumvi pasipohitaji chumvi, na penye aibu kubwa kuliko zote kaparuka, kwa sababu wakati huo alikuwa amelala chini anashika mbavu, hakuona kitu.

Kasema mambo matatu. Kwamba nilikimbizwa na mashine ya kufyekea majani. Kwamba nilimwita mama. Kwamba aliyeniokoa ni mama mkwe. La kwanza ni uongo mtupu: mtu hakimbizwi na kitu alichofungwa nacho begani kwa mkanda. Hayo mawili tutayafikia, msinisukume.

Mashine mnaijua, maana siku naileta nyumbani mtaa mzima ulijulishwa. Ile ya bomba refu, injini nyuma, kichwa cha uzi wa nailoni mbele. Ni ya tuustroki, yaani oili inachanganywa humo humo kwenye petroli. Wenye Vespa za zamani wananielewa. Sasa masika ya safari hii hapa Morogoro majani yameota hadi pasipo na udongo, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi. Mwenyekiti wa mtaa akaandika kwenye grupu: mwenye fyekeo aje na fyekeo, mwenye reki aje na reki. Mimi na mdomo wangu nikajibu: "Mwenyekiti, waambie wapumzike. Nakuja na mashine, imeshafanyiwa sevisi."

Haikuwa imefanyiwa sevisi. Ilikuwa stoo tangu vuli, na petroli ya vuli tumboni.

Basi Ijumaa alasiri nikatandika gunia uani. Mama mkwe alikuwa amefika jana yake kutoka Muheza, Tanga, amekaa barazani na ungo wake anachagua mchele. Na mkwe mwanamume mnamjua: mama mkwe akiwa anatazama, hata kizibo cha chupa kinafungwa kifundi. Nilipanga spana kwa ukubwa. Nyingine wala sikuwa na kazi nazo.

Nikamwaga ile petroli, imeshabadilika inanuka vanishi. Nikachovya waya uliopinda ndani ya tenki nikavua kichujio cha mafuta, nikakisafisha. Nikafungua pua ya kabureta, pale injini inapovutia hewa, nikatoa sponji ya eya klina inayochuja hewa hiyo, imejaa vumbi na vipande vya majani makavu. Nikaifua kwa maji ya sabuni, nikaikamua vizuri, nikaianika kwenye kamba ya nguo, katikati ya nguo za nyumba nzima. Hiyo sponji ikumbukeni.

Plagi ilikuwa nyeusi na inateleza kwa oili. Maana yake mtu aliyekuwa akichanganya mafuta humu ndani, ambaye jina tunalihifadhi, alikuwa anamimina kwa kukadiria na jicho, wakati karatasi ya mashine imeandika 1 kwa 25, yaani mililita 40 za oili kwa lita 1 ya petroli. Nikaisugua kwa brashi ya waya. Pengo lake linatakiwa liwe milimita 0.6 hadi 0.7, nami kipimo sina, nikatumia kadi ya benki ambayo unene wake ni milimita 0.76, halafu nikaligonga kidogo lisogee. (Kadi hiyo ndiyo kazi iliyobaki nayo. Ile ya kutoa pesa imestaafu.)

Mpaka hapo, ndugu zangu, kazi ilikuwa safi. Naapa. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu wa heshima.

Nikasema nipulize na vumbi la kwenye mapezi ya silinda. Nikafungua koti la plastiki la injini. Mle ndani kuna kiwaya cheusi, chembamba, kinatoka kwenye koili, inayotengeneza umeme wa plagi, kwenda kwenye swichi ya kuzimia. Kikachomoka. Nikakiona. Nikajiambia nitakirudisha. Shemeji, wakati huo huo, akaleta hoja ya kijinga kuhusu Simba na Yanga ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuiacha ipite hivi hivi. Nikamjibu kwa kirefu. Nilipomaliza kumjibu koti limefungwa, skrubu zote ziko mahali pake, na kiwaya kimelala zake ndani.

Kwa wasio mafundi: swichi ya mashine hizi haikati umeme kama swichi ya taa. Inauchukua umeme wa koili inaupeleka kwenye bodi, yaani chuma cha injini, plagi inakosa cheche, injini inazima. Kile kiwaya kikichomoka, swichi inabaki pambo. Unabonyeza, unajifurahisha.

Nikabonyeza kipira cha kuvutia mafuta, nikafunga choki ya kubana hewa, nikavuta kamba. Ikakohoa. Nikafungua choki, ikawaka ikazima. Haina sailensa, yaani ule mzunguko wa kuunguruma yenyewe bila resi. Nikachukua bisibisi nikakaza skrubu ya sailensa. Ikawaka, ikazima. Nikakaza tena. Shemeji akasema, "Si tusubiri kwanza sponji ikauke?" Nikamwambia atulie ajifunze, tunaijaribu tu, hatuendi nayo shamba.

Mama mkwe akanyanyua uso kwenye ungo. "Baba, hiyo sailensa si umeipandisha sana?"

Nikacheka ile cheko ya adabu. Nikasema, "Hapana mama, hizi ni za kisasa."

Nikaona afadhali nivae mkanda kabisa, nisimame kama watu wa manispaa, shemeji ndiye avute kamba kwa nyuma. Nikavaa. Shemeji akavuta.

Sasa twende taratibu.

Sailensa ikiwa chini, klachi haishiki, kichwa kinatulia mpaka ukandamize resi. Ikipanda sana, viatu vya klachi vinatanuka vinabana ngoma yake, na kichwa kinaanza kuzunguka hata hujagusa kitu. Injini safari hii haikukohoa. Ilipiga yowe. Uzi ukawa hauonekani kwa kasi. Na mbele yangu, hatua chache tu, kamba ya nguo. Kwa mpangilio, kutoka kushoto: shuka kubwa la maua la mama mkwe, sare za mtoto, sponji, taulo, bukta yangu ya bluu ambayo mke wangu ameniombea msamaha kwa majirani mara kadhaa, na mwisho kabisa, limefichwa nyuma ya taulo kwa heshima zote, gagulo la mama mkwe.

Kikapita kiupepo kidogo, kisicho na ugomvi na mtu. Shuka likajaa hewa, likanyanyuka, likabaki juu, kisha likaanza kushuka. Pindo lake likaja moja kwa moja kwenye kichwa cha mashine. Nililiona linakuja. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema "hapana". Nikasema, "Hapana."

Likaingia.

Kichwa hakikulikata shuka. Kingelikata ningeshukuru, ningenunua lingine, tukasahau. Kililizoa. Kikalimeza pindo, kikameza maua, kikafika juu kikaidaka na kamba yenyewe. Kamba ile ni manila, upande mmoja iko kwenye mwembe, upande mwingine kwenye nondo ya dirisha. Haikatiki. Mashine ikajaribu kuivuta kamba, ikashindwa, ikaamua kujivuta yenyewe kuifuata kamba. Na mimi nimo ndani ya mkanda.

Kwa hiyo nilitembea. Hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa, mwili umeegemea nyuma. Sikukimbia, shemeji. Andika hivyo.

Nikabonyeza swichi. Injini ikaendelea. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, nikaisukuma huku, nikaisukuma kule. Ndipo kile kiwaya cheusi kikanijia mbele ya macho, pamoja na ligi kuu nzima.

Sare zikaingia. Sponji ikapita karibu na pua yangu, safi, nyeupe, haijakauka. Taulo likaenda, na hapo gagulo likabaki wazi mbele ya dunia. Nikafumba macho kwa adabu. Kufumba macho ukiwa umefungiwa mashine inayozunguka, msijaribu.

Najua mnachouliza. Kwenye mkanda si kuna kile kibanio chekundu, ukikivuta tu mashine inadondoka? Kipo. Kimewekwa kwa ajili ya watu wa aina yangu. Nilikifunga kwa waya, kwa sababu kilikuwa na tabia ya kufunguka.

Ikabaki kofia ya plagi. Nikawaza: nikiing'oa tu, cheche hakuna, injini inakufa, heshima inarudi. Nikapeleka mkono nyuma. Mkono mtupu, umelowa jasho. Mle mnapita maelfu ya volti.

Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwangu. Neno ni lile lile alilolisema shemeji, hapo hajakosea: "Mamaaaa!"

Na barazani, kwa utulivu wa mtu aliyeitwa kuja kuonja chumvi, ikajibu sauti: "Abee, baba."

Mimi nilikuwa namwita wangu aliyenizaa! Yuko Kilosa! Lakini nani wa kufafanua wakati huo?

Mama mkwe akaweka ungo chini. Akakung'uta pumba kwenye kanga. Akaja, hana haraka, akazunguka kwa nyuma akiwa mbali na kichwa cha mashine, akainama kuitazama injini. Akaiona ile pua ya kabureta, wazi, pale sponji inapotakiwa kukaa. Akavua kandambili ya mguu wa kulia. Akaibandika pale, akakandamiza kwa kiganja.

Injini ikavuta pumzi, ikakosa. Ikazama, ikatetemeka, ikazima.

Kumbe, na hili katika miaka yote ya ndoa hakuna aliyenidokeza, mama mkwe ameendesha mashine ya kusaga kule Muheza tangu mke wangu hajazaliwa. Injini ya dizeli ikipandwa na kichaa ikaanza kujipandisha resi yenyewe, kukata mafuta kunaweza kusisaidie. Wao walikuwa wanaiziba pua kwa gunia. Akaivaa kandambili yake, akanitazama kwa upole wa Kitanga, akasema:

"Hizi za kisasa nazo zinavuta pumzi."

Sasa hapa ndipo shemeji asipopajua. Yeye yuko chini, anatambaa. Moshi wa klachi ukaondoka taratibu, tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, tunatazama kichwa cha mashine. Pale juu kabisa ya ule mzigo, baada ya shuka na sare na taulo, vitu viwili vya mwisho kuingia: bukta yangu na gagulo lake. Vimesokotana kama kamba ya katani. Uzi wa nailoni umevipitia katikati, ukavifunga fundo.

Mimi nikatazama mwembe. Yeye akatazama mwembe. Mwembe hauna hata embe moja msimu huu, lakini tuliukagua.

Mwisho akasema, "Usikate, baba. Lifungue taratibu tu, bado jipya."

Nikakaa kwenye gunia nikafungua. Kwa koleo. Wale mnaojua mila za ukweni nielezeni, mkwe analishikaje gagulo la mama mkwe wake kwa mikono miwili, tena kwa muda mrefu, tena bila kulitazama? Nilikuwa nalivuta huku nimegeuza shingo, nasoma maandishi kwenye tenki la maji. Mke wangu akarudi kazini katikati ya zoezi. Akasimama mlangoni. Akatazama nilichoshika, akamtazama mama yake, akamtazama mdogo wake aliyelala chini, akaingia ndani bila kusalimia.

Mengine ya haraka. Usafi nilienda na fyekeo la kuazima, mwenyekiti akaniuliza kwa sauti kubwa kuhusu sevisi. Fundi alikirudisha kiwaya kwa elfu mbili na akanitoza elfu tatu nyingine za kucheka. Nimenunua shuka, nimenunua sare, na gagulo jipya mke wangu kasema atalinunua yeye, mimi nikae mbali na mada hiyo. Bukta haipo tena, sijauliza.

Na nyie mnaonitumia ujumbe kuuliza kama mashine sasa inauzwa bei poa: haiuzwi. Mama mkwe anaondoka nayo Muheza Jumatatu, anasema chini ya michungwa yake majani yamezidi. Jana usiku kaipimia oili mwenyewe, mililita 40, akaiteremsha sailensa, akaiwasha mvuto mmoja.