Nilichojifunza kuhusu uchovu kati ya Liège na Bukavu

Katika mwaka wangu wa nne wa kazi za usiku kwenye ghala moja la mizigo karibu na Liège, nchini Ubelgiji, nilijimwagia chai ya moto mkononi na sikushtuka. Niliona ngozi ikigeuka nyekundu, nikapangusa meza, nikavaa viatu vya kazi, na maumivu yakanifikia baadaye nikiwa ndani ya basi. Ndugu zangu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaoishi huku, tunaposema tumechoka, huwa tunafikiria usingizi tu. Mimi sikupungukiwa na usingizi peke yake: mwili ulikuwa ukituma habari, nami nilikuwa nimeacha kuzipokea.

Daktari alinisimamisha kazi kwa miezi mitatu. Hali hiyo ya kuungua kwa kazi (burnout), yaani kuishiwa nguvu kabisa kwa sababu ya kazi, ilielezwa mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliyeiona kwa wahudumu wa kujitolea wa kliniki na kwake yeye mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaitambua kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu, ingawa haliiiti ugonjwa. Hapo naisifu Ubelgiji bila kusita, kwa kuwa muda wa mshahara wa mwajiri ulipokwisha, mutuelle, yaani mfuko wa bima ya afya, ilinilipa asilimia 60 ya mshahara nikiwa nimelala nyumbani. Nani kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, atalipwa kwa kulala?

Mtaalamu wa viungo, ambaye huku tunamwita kine, alinilaza chali na kuniamuru nikaze ngumi kwa sekunde chache kisha niiachie, halafu mkono, bega, uso, hadi miguuni. Mbinu hiyo ni ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, aliyeiandikia kitabu mwaka 1929. Nilicheka moyoni, kwa sababu kwetu mtu halipi fedha ili afundishwe kukunja ngumi. Ila tulipofika kwenye shavu la mguu wa kushoto sikulipata. Niliambiwa nilikaze, nikalitafuta kama mtu atafutaye swichi gizani. Alinieleza kwamba neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, ina nyuzi nyingi zaidi zinazopeleka habari juu kwenye ubongo kuliko zinazoshusha amri, na kwamba pumzi inayotolewa polepole hupunguza mbio za moyo. Nilifanya mazoezi hayo peke yangu, chumbani, mbele ya ukuta mweupe. Yalisaidia, lakini upweke ule ulikuwa sehemu ya ugonjwa.

Nilipopata ruhusa ya kusafiri, nilirudi Bukavu, kabla mji haujatekwa Februari 2025. Mama hakuniuliza lolote kuhusu ghala. Aliweka ungo wa maharage kati yetu, nasi tukaanza kuchambua, yeye akitoa vijiwe kwa kidole kimoja huku akisimulia habari za msiba wa jirani, mimi nikifuata vidole vyake. Baada ya saa moja hivi nilisikia njaa. Sisemi kwamba niliona saa ya kula imefika; tumbo lenyewe liliniita, jambo ambalo sikulikumbuka lilitokea lini mara ya mwisho. Jioni nikashuka Nguba, kando ya Ziwa Kivu, kutazama wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakiondoka na mitumbwi yao iliyofungwa pamoja, wakiimba ili makasia yaende sawa, na nikaitambua ile pumzi ndefu ya kine wangu, tena ikitolewa na watu wengi kwa pamoja.

Kuna wanaorudi likizo na kuishia hapo, wakitangaza kwamba kwetu hakuna msongo. Siwezi kukubaliana nao. Asubuhi iliyofuata, kwenye mteremko wa Kadutu, niliongea na mama mmoja aliyebeba gunia la muhogo mgongoni, kamba ikiwa imemkaza paji la uso. Alinionyesha kwa kidole, bila kukosea, mahali shingo inapouma na mahali maumivu yanaposhukia begani. Mwili wake anaujua kuliko ninavyoujua wangu. Nilipomuuliza atapumzika lini, alijibu, "Tutafanya je, baba?" akaendelea kupanda.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, tulioko nje tuna jambo moja la kurekebisha, nalo ni simu za jioni. Nilikuwa nikichukua zamu za ziada kwa ajili ya nyumbani, na nyumbani hawakujua, kwa kuwa kila walipouliza habari nilijibu "nzuri tu" na kutuma fedha. Hata zile asilimia 60 niliwaficha. Nilikopa ili kiasi kisipungue, ujinga ambao sasa naona aibu kuuandika. Mwezi uliopita nilimwambia kaka yangu ukweli wote: mkono, shavu la mguu, mshahara, na kiasi ninachoweza kutuma bila kurudi kwenye kazi za usiku. Alinipa pole, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza minervali, yaani ada ya shule, ya binti yake wa sekondari itatoka wapi. Swali lake ni la haki, na bado tunalizungumza.