IFYE haikuwa darasa la kilimo
Makala moja kuhusu IFYE (International Farm Youth Exchange), mpango wa kubadilishana vijana wa mashambani kati ya Marekani na nchi nyingine, inadai ilibuniwa ili Wamarekani wakafundishe Ulaya kilimo cha kisasa. Sikubaliani kabisa. Mwaka 1948 vijana 17 wa Marekani walikwenda Ulaya iliyokuwa imetoka vitani, na 6 wa Ulaya wakaja Marekani, lengo likiwa maelewano. Hawakwenda kama mabwana shamba: waliishi na familia za wakulima, wakakamua ng'ombe, wakavuna na kula meza moja na wenyeji, kisha wakahamia familia nyingine. Kazi kubwa, ambayo makala imeiruka, ilianza wakisharudi: kuzunguka vilabu vya 4-H (vilabu vya vijana vya Marekani, hasa vya vijijini), shule na makanisa na picha za slaidi, wakijibu maswali. Michango ya vilabu hivyo ilisaidia kulipia safari. Je, nani hapa familia yake iliwahi kupokea mgeni wa IFYE?