Fundi, weka koleo chini

Gari nyingi zinazotembea Goma zilianza kazi Japani, na redio zake bado ziko kule. Maandishi ya skrini ni ya Kijapani, ramani inajua mitaa ya Osaka, na FM inaanzia 76 na kwa redio nyingi inaishia 90. Kwetu stesheni zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Radio Okapi ya Goma iko 105.2, redio hiyo peke yake haiwezi hata kuikaribia. Kwa hiyo kubadilisha otoradio, yaani redio ya gari, si anasa. Mwenye Toyota RAV4 au Noah anayetaka kusikia habari akiwa njiani ana haki kamili ya kuitoa ile ya kiwandani. Kinachoniuma ni namna kazi hiyo inavyofanywa.

Fundi anaivuta redio ya zamani, anakuta nyuma yake soketi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. "Patroni, hizi tunakata, tunaunga rangi kwa rangi." Kabla hujajibu, koleo limeshapita. Gari imeharibiwa hapo hapo, hata kama muziki utalia jioni hiyo.

Rangi ndizo zinazodanganya. Kwenye otoradio karibu zote za dukani, njano ni moto wa kudumu kutoka bateri, nyekundu ni moto unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni masi, yaani waya unaoenda kwenye bodi ya gari. Kwenye Toyota nyingi mambo ni mengine kabisa: moto wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, moto wa ufunguo ni kijivu, masi ni kahawia. Na zile nyeusi, njano na nyekundu zinazoonekana kwenye soketi ya pini 6 ni za bafle (spika) za nyuma: nyeusi na njano za kushoto, nyekundu na nyeupe za kulia. Ukiunga rangi kwa rangi, otoradio haiwaki. Fundi anavuta moto kutoka mahali pengine ili ajaribu, anaugusisha kwenye njano, na volti 12 zinaingia moja kwa moja kwenye koili ya bafle ya omu 4. Hizo ni ampea 3 mfululizo. Koili inanuka kama plastiki iliyoungua, kisha bafle hailii tena.

Dawa yake ni kipande kidogo cha bei ndogo: adapta ya nyaya ya aina ya gari lako. Upande mmoja ina soketi zinazoingia kwenye zile za kiwandani bila kugusa waya hata mmoja, upande wa pili ina nyaya huru zenye rangi za otoradio. Maduka ya vipuri ya mtaa wa Birere hapa Goma yanauza otoradio za kila namna. Ukinunua ya kwako, usiondoke bila kuuliza adapta. Ikikosekana siku hiyo, subiri. Kusubiri wiki moja ni afadhali kuliko kutafuta miaka miwili ijayo ni waya gani ulikuwa wa taa za dashibodi.

Kazi ya kuunga ifanyike mezani, si ukiwa umejikunja chini ya usukani. Unga waya za adapta na za otoradio moja moja, lehemu kwa risasi, halafu funika kila kiungo na mpira unaosinyaa kwa moto. Kusokota na kuzungushia skochi (utepe wa gundi) hakutoshi. Gundi ya skochi hulainika kwa joto la dashibodi, na mawe ya lava ya mitaa yetu yanatikisa gari kutoka asubuhi hadi usiku. Kiungo kilichosokotwa kinalegea, kinagusa kingine, fyuzi inakatika. Na fyuzi ile ile mara nyingi inalisha pia kiberiti cha gari (kiwashio cha sigara) au saa, ndipo mtu anaanza kuzunguka kwa mafundi akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Ndani ya gari, toa kwanza kichwa cha hasi cha bateri kwa spana namba 10, ukisubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, kwa ajili ya mifuko ya hewa (airbag). Kama unataka kuiuza redio ya zamani, jua kwamba nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga zikikosa umeme na kudai namba ya siri. Fremu ya plastiki inayozunguka redio ing'olewe kwa kipande cha plastiki au bisibisi iliyofungwa kitambaa, ukitafuta pini zake kwa vidole badala ya kuvuta kwa hasira. Nyuma yake kuna skrubu nne. Otoradio pana ya kawaida ina upana wa milimita 180 na urefu wa 100, wakati nafasi ya Toyota nyingi za Japani ni 200 kwa 100. Zile milimita 10 kila upande zinazibwa na vipande maalumu vya plastiki. Mahali pake si pa katoni. Skrubu za pembeni ni M5 (unene wa milimita 5) za urefu wa milimita 8. Zikizidi hapo zinaingia ndani na kubana mitambo, halafu lawama zinaenda kwa otoradio.

Antena ndiyo inayosahaulika zaidi. Gari zilizotoka Japani mara nyingi zimewekewa kiboksi kidogo kati ya waya wa antena na redio, kinachoshusha masafa ili redio ya Japani iyakamate: kwa kiboksi kinachoshusha 20, 105.2 inasikika kwenye 85.2. Otoradio mpya haikihitaji. Kikiachwa, stesheni zinakuja na namba za ajabu na mvumo mwingi, kwa hiyo kitoe pamoja na waya wake wa moto. Halafu angalia waya wa buluu wa otoradio: kama antena ya gari ina kikuza mawimbi, waya huo ndio unaokilisha. Ukiachwa ukining'inia, utapata stesheni za karibu tu na kuziona nyingine zimekufa. Mwisho, ingia kwenye mipangilio uchague eneo la Ulaya. Mpangilio wa Marekani unaruka kwa hatua za 0.2 kwenye namba witiri, yaani kutoka 105.1 hadi 105.3, na 105.2 haipo kabisa kwenye orodha yake. Watu wamerudisha otoradio nzima dukani kwa kosa hili.

Bafle zina sheria moja: waya wake wa hasi si masi. Otoradio za leo zinaendesha nyaya zote mbili za kila bafle, kwa hiyo hasi ikigusa bodi ya gari, kikuza sauti kinajizima au kinaungua. Kutambua jozi ni rahisi. Bateri ya saa ya ukutani, volti 1.5, ikigusishwa kwenye nyaya za bafle inatoa mlio mfupi, na koni yake (ile karatasi inayotetemeka) ikitoka nje, upande wa chanya wa bateri umeangukia chanya ya bafle. Bafle moja ikigeuzwa, besi inapotea hata ukiongeza sauti.

Usinunue kwa kusoma boksi. "Wati 50 mara 4" ni 200, lakini nyuma ya otoradio hiyo hiyo kuna fyuzi ya ampea 10. Kwa volti 14, ampea 10 zinatoa wati 140 kwa kila kitu, pamoja na skrini na joto linalopotea. Kinachofika kwa kila bafle bila kukwaruza ni karibu wati 20.

Nyuma ya otoradio kuna skrubu moja inayotokeza. Ni ya kushikilia uzito wake kwa ukanda wa bati hadi kwenye chuma cha gari. Mafundi wengi wanaiacha wazi, na baada ya safari chache za Sake, mji wa jirani, otoradio imeanza kucheza na kuvuta nyaya zake. Ifungwe.

Usiku wa kwanza, pima umeme unaoliwa gari ikiwa imezimwa: funga milango, chukua ufunguo uwe mbali, weka mita ya ampea 10 kati ya kichwa cha hasi na waya wake, halafu subiri nusu saa gari ilale. Isome chini ya ampea 0.05. Ikisoma 0.3, kwa siku inakula ampea-saa 7.2, na bateri ya ampea-saa 45 inakuwa nusu ndani ya siku tatu. Hapo mara nyingi nyekundu na njano zimeunganishwa pamoja kwenye moto wa kudumu. Zikiwa zimebadilishana nafasi, dalili ni nyingine: kila ukizima gari, saa na stesheni zinafutika. Kwa adapta, kurekebisha yote mawili ni kuhamisha nyaya mbili nje ya gari, na soketi ya Toyota inabaki ilivyotoka kiwandani.