Matengenezo ya Nyumba Yamo Ndani ya Kodi

Kuna sentensi naisikia sana kwa wapangaji wenzangu hapa Dar es Salaam: "Bora nitengeneze mwenyewe, yaishe." Koki ya jikoni inavuja, unaita fundi, unalipa, yaishe. Kitasa cha mlango kimekufa, unanunua kipya, yaishe. Bati linavuja juu ya kitanda, unasogeza kitanda. Naielewa sentensi hiyo, maana kumfuatilia mwenye nyumba kunachosha, na wengi wetu hatutaki kuonekana wakorofi. Lakini inatugharimu kuliko tunavyodhani. Tena imewazoesha wenye nyumba kuamini kwamba kodi ni ya kuta nne tu, mengine mpangaji atajijua.

Mimi nasema matengenezo ya nyumba yenyewe yamo ndani ya kodi. Si fadhila, wala si msaada wa kuombwa kwa kupiga magoti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaweka wajibu huo kwa mpangishaji hata pale mkataba wenu uliponyamaza: ukipanga sehemu ya jengo, paa, kuta kuu na za nje, mifereji mikuu na sehemu mnazotumia kwa pamoja ni za mwenye nyumba kuzitunza, na makazi unayopanga yawe yanafaa binadamu kuishi tangu siku unaingia na yaendelee kufaa. Kifungu kinachofuata kinamgeukia mpangaji: itunze nyumba, na ukiondoka irudishe ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Hilo la uchakavu tulishike vizuri. Rangi iliyopauka kwa jua na bawaba iliyolika kwa miaka si deni lako. Sinki lililoziba kwa mafuta na makombo ya ugali ni lako, na koki aliyoivunja mwanao ni yako pia.

Kinachotuponza ni kodi ya miezi sita. Ukishaitoa yote kwa mkupuo, pamoja na ule mwezi mmoja wa dalali, huna tena cha kumfanya mwenye nyumba apokee simu yako haraka. Kwa hiyo siku yenye nguvu kuliko zote ni ile ya kwenda kuangalia chumba, na ndiyo siku tunayoipoteza kwa sababu dalali anakuharakisha na kukwambia kuna mtu mwingine anakuja jioni na hela mkononi. Mwache aje. Wewe fungua kila koki uone maji yanavyotoka na yanakoelekea. Flashi choo. Washa kila taa. Nenda na chaja ya simu uijaribu kwenye kila soketi. Inua macho darini: madoa ya kahawia yenye duara duara ni maji ya mvua zilizopita, na masika yakija yatapita palepale. Waulize wapangaji uliowakuta maji ya DAWASA yanatoka siku zipi, tangi ni la nani na pampu inakula Luku ya nani. Unachokikuta kibovu kipige picha, kiandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe ya kutengenezwa, halafu ndipo utoe hela.

Angalia pia ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Nyumba nyingi za huku pwani ukuta unatoa chumvi: rangi inavimba, inapasuka, inadondoka kama magamba, na ukipitisha kidole unabaki na unga mweupe. Unyevu unapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi, au tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi. Nimeona wapangaji wakipaka rangi ukuta wa namna hiyo kila mwaka kwa hela yao, na kila mwaka inabanduka. Usipake. Tiba yake ni kubandua plasta na kushughulikia unyevu wenyewe, na hiyo ni kazi ya jengo, kwa hiyo ni ya mwenye jengo. Wewe sogeza kabati mbali na ukuta, fungua madirisha, na toa taarifa.

Sisemi tukae tukimngoja yeye kwa kila kitu. Kuna mambo mpangaji anapaswa kuyaweza, na kwanza kabisa ni kujua koki kuu ya kufunga maji iko wapi. Wengi hatujui mpaka bomba lipasuke usiku na maji yafike kwenye godoro. Itafute leo, ifunge na uifungue uone kama haijashika kutu.

Koki inayodondosha tone tone baada ya kufungwa, mara nyingi ni raba ya ndani tu imelika. Funga maji, fungua kichwa cha koki kwa spana, toa raba, nenda nayo mkononi dukani upate saizi ileile, rudisha. Huhitaji koki mpya, ingawa fundi mwenye haraka atakwambia unahitaji. Choo nacho huiba maji kimyakimya. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa. Bakuli likibadilika rangi, raba ya chini haizibi. Na ukitaka kujua kama nyumba nzima inavuja mahali msipopaona, fungeni koki zote, kisha mwende kwenye mita ya maji. Kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanavuja, huenda ni bomba la chini ya ardhi, na bili mnayogombania kila mwezi kwamba mama fulani anafua sana ina sababu nyingine kabisa. Katika nyumba ya wapangaji wengi na mita moja, jaribio hilo la dakika chache linaokoa ujirani.

Umeme ni habari nyingine, na hapa naomba tusifanye ujasiri. Soketi ya kawaida ya ampia 13 inabeba karibu wati 3,000. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja tayari umevuka. Swichi ya kinga ikijizima, imefanya kazi yake. Chomoa vifaa, uwashe tena, uviunganishe kimoja kimoja mpaka umjue mkosaji. Kinga ikikataa hata vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, hapo si vifaa vyako tena, ni nyaya. Fundi akikwambia aweke kinga kubwa zaidi isiwe inajizima, au aruke kwa kipande cha waya, mwambie aondoke, kwa sababu anachokuondolea ndicho kinachozuia nyaya zisiungue ndani ya dari. Soketi yenye joto, harufu ya plastiki inayoungua, koki ya bafuni inayokupiga shoti ukiigusa: hayo hayangoji mwisho wa mwezi. Zima meinswichi, mpigie mwenye nyumba saa hiyohiyo, na fundi awe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, si kijana yeyote mwenye tesita mfukoni.

Na shimo la choo? Hili ndilo linalovunja urafiki wa wapangaji kuliko yote, na mikataba mingi haisemi chochote. Kwangu mimi mgawanyo ni huu: shimo likijaa kwa matumizi ya kawaida, wapangaji tuchange gari la kunyonya kwa hesabu ya watu, si kwa hesabu ya vyumba, maana mtu mmoja na familia ya watu sita hawawezi kulipa sawa. Lakini shimo linalojaa kila masika kwa sababu maji ya ardhini yanaingia humo, au lililochimbwa dogo kwa vyumba vingi, ni kasoro ya ujenzi, na mwenye nyumba alipie. Ile tabia ya kusubiri mvua kubwa kisha kutapisha choo mtaani tuikatae hata kama inaokoa hela. Kinyesi hicho kinapita mlangoni kwa jirani mwenye watoto, na kipindupindu tunakijua.

Mengine, panya, mende, kioo kilichopasuka, nyavu za dirisha zilizotoboka, ni madogo. Malizaneni nayo bila ugomvi.

Sasa namna ya kudai. Heshima haipunguzi haki, na maandishi hayapunguzi heshima. Simu husahaulika, na inayopigwa kwa hasira huharibu zaidi. Tuma ujumbe, pamoja na picha, siku ileile ulipoliona tatizo. Kitu kama hiki: "Shikamoo mama. Bomba la chini ya sinki limepasuka tangu asubuhi, picha hizi hapa. Nimefunga maji kwa sasa. Fundi anasema vifaa na ufundi ni elfu ishirini na tano. Naomba ruhusa nitengeneze, nikutumie risiti, tukate kwenye kodi ijayo. Nasubiri jibu lako, mama." Ujumbe huo una salamu, una ushahidi, una bei, na una ombi ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Akijibu "sawa mwanangu", una makubaliano. Usiruhusu fundi aanze kabla ya jibu hilo, labda iwe dharura, kwa sababu makato yanayotajwa baada ya kazi kwisha ndiyo yanayoleta ugomvi. Risiti zitunze pamoja, na zije mezani siku ya kulipia miezi sita mingine.

Siku hiyohiyo ikumbushie na kodi ya jengo, ile ya serikali. Tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye Luku, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeitanguliza kila mwezi, wakati mdaiwa ni mwenye jengo. Ni hela ndogo kwa mwezi, lakini ni yake, na inastahili kuwa kwenye hesabu moja na raba za koki na bomba la sinki.

Mwenye nyumba akikaa kimya baada ya ujumbe wa pili, nenda kwa mjumbe na picha zako, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Wengi huona aibu kufika huko, kana kwamba wanamshitaki mzazi. Lakini mara nyingi yanaishia hapohapo kwa kikao kifupi, na nyaraka ulizonazo ndizo zinazoamua nani anasikilizwa. Kama tatizo ni la nyumba nzima, paa, shimo au nyaya, nendeni wapangaji wote kwa barua moja yenye sahihi zenu. Mpangaji mmoja ni rahisi kuambiwa ahame. Vyumba vinane vikihama mwezi mmoja, hasara ni ya mwenye nyumba, na hilo analijua kabla hamjalisema.