Hirizi ya Bibi na Miale Isiyobisha Hodi

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoifungua hirizi ya bibi kwa kisu cha kumenyea viazi. Haikuwa ya ngozi kama zile wanazofungwa watoto wachanga. Kilikuwa kijisanduku cha fedha, ukubwa wa kiberiti, kilicholehemiwa pande zote, ambacho mama yake alikipata kwa watu wa Maskati enzi majahazi yalipokuwa bado yanakuja na kaskazi. Ndani nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imegeuka rangi ya chai, ina michirizi ya zafarani. Nilipojaribu kuikunjua ikavunjikavunjika kama jani kavu la mwembe. Bibi hakunipiga. Aliniuliza tu, "Haya, umeona nini?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimesoma hata herufi moja.

Siku hizi nafundisha fizikia sekondari, na kila nikifika mada ya nyutroni, zile chembe zilizomo kwenye kiini cha atomu, kisu kile hunijia kichwani.

Sababu yake ni hirizi nyingine, ya Wazungu. Mwaka 2008, mjini Mainz, Ujerumani, waakiolojia walitoa kwenye shimo la taka la zama za kati kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, urefu na upana sentimita 6 hivi, unene sentimita 1. Mrekebishaji alikaa nacho saa 500 akikisafisha, mpaka ikajitokeza shaba iliyopakwa dhahabu: upande mmoja Yesu na waandishi wanne wa Injili, upande wa pili Maria na watakatifu wengine. Ni kazi ya mwishoni mwa karne ya 12. Mwenyewe alikivaa mwilini akiamini kimebeba masalia ya watakatifu. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi, hirizi tunaijua.

Wale wataalamu hawakuchukua kisu. Eksirei haikuwasaidia sana, kwa sababu shaba ilificha vilivyomo. Basi wakakipeleka Garching, karibu na Munich, kwenye kinu cha nyuklia cha utafiti kiitwacho FRM II, wakakipiga picha kwa nyutroni. Vikaonekana vifurushi vitano vya hariri na kitani, na ndani yake vipande vidogo vya mifupa. Mifupa ya nani? Hawajui. Kwa desturi kifurushi cha namna hiyo huwekewa kijikaratasi cha ngozi chenye jina la mtakatifu, na hapa hakikuonekana. Wakaiacha hirizi imefungwa ilivyo, na swali wakaliacha wazi. Huo ndio uamuzi ninaoupenda kuliko picha yenyewe.

Tofauti ya nyutroni na eksirei iko hapa. Eksirei hugongana na elektroni, hivyo kadiri atomu inavyokuwa nzito ndivyo inavyoizuia zaidi. Ndiyo maana mfupa huonekana na nyama haionekani, na ndiyo maana anayepiga picha hospitalini huvaa vazi la madini ya risasi. Nyutroni, ambayo James Chadwick aliitambua mwaka 1932, haina chaji. Hupita katikati ya elektroni kama vile hazipo na kwenda kukutana na kiini cha atomu. Na viini havifuati uzito. Haidrojeni, nyepesi kuliko zote, huitawanya vibaya sana, ilhali risasi huiachia ipite sentimita kadhaa. Boroni ni nyepesi lakini ni ukuta. Wanafunzi wangu hubisha mpaka niwaonyeshe ile picha maarufu ya ua la waridi lililowekwa ndani ya chombo cha risasi: risasi imekuwa kivuli hafifu, ua limesimama na petali zake zote, kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake.

Kwa hiyo karatasi, nguo, gundi, mafuta, mbao, maji, vyote vyenye haidrojeni, huonekana ndani ya chuma. Eksirei ingekuonyesha sanduku. Nyutroni inakuonyesha ulichoweka.

Upigaji wenyewe si wa ajabu. Miale hupita kwenye kitu, inayobaki hugonga bamba lenye lithiamu na salfaidi ya zinki linalong'aa kidogo, kioo kilichoinamishwa nyuzi 45 huupeleka mwanga huo kwa kamera iliyokaa pembeni isiharibiwe na mionzi. Kitu huzungushwa kidogo kidogo, picha mamia, kisha kompyuta huziunga kuwa umbo unaloweza kulikata vipande kwenye skrini badala ya kulikata mezani. Watengenezaji wa injini za ndege huutumia ujanja huu kukagua mapanga ya turbini yanayozunguka ndani yake: huyachovya kwenye maji ya gadolini, elementi inayozuia nyutroni sana, na mabaki ya udongo wa kusubia yaliyokwama ndani ya vijitundu vya kupozea hunyonya gadolini na kutokea meusi tii. Huko Grenoble, Ufaransa, watafiti wa mizizi wamefikia kupiga picha kamili ya pande zote kwa sekunde 1.5 wakiyatazama maji yakipanda kwenye mizizi ya lupini, mmea wa jamii ya kunde, ukiwa ndani ya udongo wake. Mkulima yeyote anajua kwamba ukishaufukua mzizi uone unakunywaje, umeshaacha kunywa.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Bibi alikuwa na dada, na dada yake alikuwa na hirizi pacha ya ile niliyoivunja. Leo iko kwa shangazi yangu, haijaguswa. Nilimpigia simu, shikamoo, marahaba, nikamweleza habari za Mainz kwa furaha ya mwalimu aliyepata mfano mzuri. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo hao wanaingia bila kubisha hodi."

Nilicheka. Baadaye sikucheka. Nikakumbuka kazi ambayo Eberhard Lehmann na wenzake wa Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, waliichapisha mwaka 2010 juu ya sanamu za chuma za Budha kutoka Tibet. Sanamu hizo huwekwa wakfu kwa kujazwa vitu, hati zilizoviringishwa, vitu vya mimea na vinginevyo, kisha huzibwa, na kuzibwa huko ni sehemu ya utakatifu wake. Nyutroni zilipita zikaonyesha vilivyomo bila kugusa kizibo. Kwa mwanasayansi hiyo ni heshima kamili. Kwa shangazi yangu heshima inaanza na kuuliza kama inafaa kutazamwa kabisa, na kumwuliza nani. Mtu anaweza kukuta mlango wako umefungwa akachungulia dirishani; hajavunja kitu, lakini huwezi kusema hajafanya kitu. Mimi ni mtu wa picha, ningetaka kuziona sanamu zile. Lakini nasimama upande wa shangazi katika hili: kutofungua si ruhusa. Hirizi ya Mainz mwenyewe alikufa karne nyingi zilizopita na ikaokotwa jalalani. Vitu vingi vilivyolala kwenye makabati ya makumbusho Ulaya vina wenyewe walio hai.

Na neno lenyewe "bila kuharibu" tusilimeze zima. Nyutroni ikinaswa na kiini hukigeuza, na kiini hicho mara nyingine huanza kutoa mionzi. Shaba haina taabu kubwa, nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 13 hivi, kwa hiyo siku chache za kusubiri hutosha. Kobalti ni balaa, huchukua miaka zaidi ya 5 kupungua nusu. Ndiyo maana baada ya kupigwa picha kitu hukaa kwanza kwenye chumba cha kusubiri, kinapimwa, na kikitulia ndipo kinarudishwa. Kitu hakikukatwa, ni kweli. Lakini kimetoka si kilekile kabisa, na mwenye nacho anastahili kuambiwa hivyo kwa lugha anayoielewa kabla hajatia saini.

Halafu kuna suala la mahali. Nyutroni hazibebwi kwenye mkoba. Ikiwa huru haidumu, wastani wa maisha yake ni dakika 15 hivi, kwa hiyo hufuatwa inakozaliwa: kwenye kinu cha utafiti, au kwenye mashine ya kurushia protoni kama ya Villigen, Uswisi. Barani kwetu kimojawapo cha vinu vinavyojulikana kwa kazi hii ni SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, cha tangu 1965. Wengi hawajui kwamba kinu cha kwanza kabisa cha Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, nchi ambayo urani ya Shinkolobwe, kule Katanga wanakozungumza Kiswahili, ilikuwa imeshakwenda Marekani kutengeneza bomu. Mdogo wake, TRICO II, amenyamaza tangu 2004. Kwetu sisi nyuklia ikitajwa watu hujadili umeme na ajali, basi. Sijasikia mbunge hata mmoja akiuliza nani atatazama ndani ya mizizi ya mihogo. Na hata Ulaya wanafunga: vinu vya Berlin na Saclay, Ufaransa, vilizimwa 2019, mwaka uleule ikaamuliwa cha Kjeller, Norway, kisiwashwe tena, na Garching yenyewe kazi ilisimama Machi 2020. Inauma kuona macho ya namna hii yakifumbwa moja moja wakati sisi wengine hatujawahi kuyafumbua.

Juzi nilikwenda kumwona shangazi. Hirizi ilikuwa shingoni mwake, chini ya mtandio. Nikamwambia ukweli wote. Zafarani na karatasi zote zimetoka kwenye mimea na zote zina haidrojeni, zisingetofautiana sana, kwa hiyo sidhani maandishi yangesomeka. Tungeona mikunjo, labda uzi. Na fedha ni mkorofi: sehemu kubwa ya mionzi yake hutulia ndani ya dakika, lakini kuna aina moja ambayo hupungua nusu kila siku 250, na wakipiga picha nyingi, hirizi inaweza kuzuiliwa huko miezi.

"Miezi mingapi?"

Nikasema minane, labda zaidi.

"Na muda wote huo mimi nitavaa nini?" Akaivuta ndani ya nguo, akaniuliza kama nitakunywa chai ya rangi au ya maziwa.